Jibu: mbona kijiti cha kupanga uzazi ni bure lakini kinaisha kliniki?

Dada, umeuliza mbona kijiti, kile cha kuzuia mimba kinawekwa chini ya ngozi ya mkono, ni bure kliniki ya serikali na bado kuna miezi unaambiwa vimeisha. Shida si bei ya kijiti chenyewe. Zamani kimoja kilikuwa karibu dola 18, alafu 2013 kampuni za dawa Bayer na Merck wakashusha hadi kama 8.50 juu wafadhili waliwahakikishia vitanunuliwa vingi kwa miaka kadhaa, ndio vijiti vyao, Jadelle ya Bayer na Implanon ya Merck, zikafika ata zahanati za mashinani. Lakini hapo ndio kuna mtego, soko lote limeegemea wanunuzi wachache, serikali na wafadhili, mmoja akichelewesha pesa KEMSA, shirika la serikali ya Kenya la kusambaza dawa, inakosa cha kusambazia kaunti. Na inaniuma sana, juu anayeumia ni mama wa mtaa wa mabanda kama Mathare, Nairobi, sio mwenye anaweza lipa praiveti.

Ukipata, uliza ni gani unawekewa: Jadelle ni vijiti viwili, miaka 5, Implanon NXT ni kimoja, miaka 3. Na ukitaka kitolewe kabla muda uishe usikubali kuzungushwa, ni haki yako, hauhitaji kueleza sababu.