Mafua huku Tabora yana msimu pia

Kuna mkuu kasema mafua ni ya nchi za baridi na huku Tabora tunaumwa vumbi tu. Hapana, sio hivyo. Kwenye nchi za joto virusi vya mafua vinazunguka mwaka mzima, ila vinapanda na kushuka, na sehemu nyingi vinapanda zaidi kipindi cha mvua. Ulaya ndo vinakolea miezi ya baridi, kuanzia Novemba Desemba hivi mpaka Machi, maana hewa ya baridi na kavu inavifanya vidumu muda mrefu. Huku mvua inatusukuma wote ndani, watoto wanabanana darasani madirisha yamefungwa, mmoja akipiga chafya basi.

Nauza kwenye duka la dawa muhimu mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, mvua zikishika tu Novemba kina mama wanaanza kuja na watoto kamasi mpaka mdomoni, halafu Juni Julai kile kipupwe cha usiku wanarudi tena, na wote wanataka amoksi, dawa ya bakteria ambayo haiui kirusi hata kimoja (ukiwaambia wanahamia duka la jirani).

Ila vumbi la Septemba nalo linakohoza kweli, sikatai. Tofauti vumbi haliambukizi wala halileti homa, mkiona nyumba nzima mnapokezana hicho ni kirusi. Na mtoto akihema mbiombio au mbavu zinabonyea ndani akivuta pumzi, msije dukani kwangu, nendeni hospitali moja kwa moja.