Vipimo Kutoka Faza na Anayevisoma

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa muuguzi mwenzangu wa Malindi, ambaye wakubwa wake wamemkabidhi simu na mashine kadhaa za kupima presha ili aanzishe huduma ya kuwafuatilia wagonjwa wakiwa majumbani mwao. Aliniuliza ni programu gani iliyo bora. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi tangu huduma yetu ya Lamu ianze kusikika, na kila mara hunisikitisha kidogo, kwa kuwa programu ndilo jambo la mwisho tulilolifikiria. Hadi leo tunatumia simu ya kawaida na daftari.

Tulianza kwa haja. Mgonjwa wa presha anayeishi Faza, katika kisiwa cha Pate, ili aonekane mjini Lamu, hana budi kupanda boti, kulipa nauli na kuipoteza siku nzima ya kazi, na upepo wa kusi unapovuma husubiri mpaka bahari itulie. Wengi walikuja baada ya dawa kwisha zamani. Nilipopendekeza tuwapigie simu wale ambao tayari tumewapima na kuwajua, mkubwa mmoja alisema mbele ya wenzangu kwamba nataka kutibu watu huku nimekaa barazani. Maneno hayo sijayasahau, wala sioni kwa nini niyasahau, hasa kwa kuwa siku hizi ni yeye anayewaeleza wageni habari za huduma hiyo kana kwamba aliibuni mwenyewe.

Mgonjwa aliyenyamazisha wengi ni bibi mmoja wa Faza, ambaye mjukuu wake alikuwa akitutumia vipimo vya kutisha kila asubuhi. Palikuwa na pendekezo la kumwongezea dawa ya pili. Nilimwomba yule binti anieleze bibi hukaa vipi anapopimwa, nikaambiwa kwamba hukaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, mkanda umefungwa juu ya mkono wa nguo, kikombe cha kahawa ndiyo kwanza kimekwisha, na mazungumzo hayakatiki. Tukapanga upya: asinywe kahawa kwa nusu saa kabla ya kupimwa, apumzike kimya kwa dakika 5, aegemeze mgongo, nyayo zikanyage chini, mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu uliowekwa usawa wa moyo. Apimwe mara 2, kwa nafasi ya dakika 1, asubuhi na jioni kwa siku 7. Siku ya kwanza tuiache, zilizobaki tutafute wastani. Presha iliyoonekana ilikuwa nyingine kabisa, na dawa ya pili haikuhitajika. Bibi alilalamika tu kwamba sasa tumempangia hata saa ya kahawa.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotamani kuanzisha huduma kama hii, fundisheni kupima kabla ya kugawa mashine, na mkumbuke kwamba kiwango cha nyumbani si kile cha kliniki: nyumbani presha huhesabiwa kuwa juu wastani unapofika 135/85, ilhali kliniki hutumia 140/90.

Jambo la pili ni zito zaidi, na hapa sitapunguza ukali. Kuna kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilichowagawia wagonjwa mashine na kuwahimiza watume vipimo kwenye simu ambayo mwisho wa juma hufungiwa drooni. Mgonjwa aliyetuma kipimo huamini kwamba kimesomwa; akikaa kimya nyumbani akisubiri jibu, mashine imemdhuru kuliko ambavyo angedhurika bila mashine. Andikeni jina la anayesoma, saa anazosoma, na anayeshika zamu yake asipokuwapo, kisha mgonjwa aambiwe hayo waziwazi. Aambiwe pia lini asitume ujumbe wowote. Presha inayofika 180/120, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kulegea upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, ni ya kwenda hospitali papo hapo. Mjamzito aliyepita wiki 20 akipata 140/90 aonekane kituoni siku hiyo hiyo, na akiumwa sana na kichwa au kuona ukungu asingoje jibu la mtu.

Tena simu haigusi tumbo. Mtu asiyewahi kuonekana na mhudumu yeyote, mtoto anayehema kwa kasi, maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo chake: hawa waje, au aliye karibu nao awaendee. Hata kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kina udhaifu wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho hukosa kuonyesha upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe, na huku kwetu mna pia piko ya harusi, ambayo rangi yake nyeusi kidoleni inaweza kukivuruga. Tafuta kidole kisichopakwa, na mgonjwa anayehangaika kupumua mwamini yeye kuliko namba.

Limebaki la siri. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini nimewaona wahudumu wakirusha picha za vipimo, majina yakionekana, katika kundi la WhatsApp lenye watu wasiohusika. Isitoshe, katika nyumba nyingi za visiwani simu moja hutumiwa na watu kadhaa, na anayepokea huenda ni mkwe au jirani. Mimi hutaja jina langu tu, nikamwomba mgonjwa mwenyewe, nikamuuliza kama anaweza kuzungumza. Akisema yuko na watu, tunapanga saa nyingine, na ugonjwa wake sitautaja kwa aliyeipokea simu hata akijitambulisha kuwa ni mume.