Ukimwalika mtu aandike kuhusu nyumba na viwanja

Umeuliza kwa nini waandishi wageni unaowaalika wanakuletea makala zinazosomeka kama matangazo ya viwanja. Tatizo mara nyingi ni mwaliko. Ukimwambia dalali "andika kuhusu mali isiyohamishika", atasifia anachouza. Mpe swali moja la mnunuzi, maneno 800 hadi 1,200, na umtake aonyeshe hesabu yake.

Hesabu ndiyo inayopotosha wasomaji kuliko kitu kingine. Mwandishi atasema nyumba inarudisha asilimia 8 kwa mwaka, maana amegawanya kodi ya pango ya miezi 12 kwa bei ya kununulia, basi. Ondoa mwezi mmoja wa kukaa bila mpangaji, inabaki kama 7.3. Ondoa matengenezo, tuseme asilimia 1 ya bei, unabaki na 6.3, na hapo bima, ada ya wakala na kodi ya serikali hujazigusa. Makala isiyofika hapo irudishe.

Mambo ya hati na mipaka ya kiwanja mpe mwanasheria au mpima ardhi. Sheria hutofautiana, kwa hiyo ataje ni za nchi gani na mwaka gani.

Kabla hajaanza, aeleze kwa maandishi kama ana maslahi katika mradi anaoutaja, na msomaji aambiwe juu kabisa ya makala. Muombe muhtasari wa mistari mitano kwanza. Kukataa muhtasari ni rahisi kuliko kukataa makala nzima ya mtu aliyejitolea.