Stelingi Kashasema Kaua, Sasa Nabaki Kutazama Nini?

SWALI: Shikamoo Mzee Picha. Mimi ni mwalimu, naishi Kihonda, Morogoro. Mume wangu ana picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, inaitwa Double Indemnity. Tangu Pasaka ameitazama mara tatu, na Jumamosi iliyopita akanikalisha niione naye. Hata hatujakaa vizuri, stelingi anajisema mwenyewe kuwa ndiye muuaji, tena kwamba aliua kwa ajili ya pesa na mwanamke, na vyote viwili akavikosa. Sasa mimi nabaki nasubiri nini? Hakuna ngumi, hakuna magari kukimbizana, hata tone la damu sikuona. Nilipomwambia mume wangu akacheka, akasema nikuandikie wewe. Nieleze, nyie watu mnaona nini humo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo mjanja, kanitupia mzigo wake. Lakini kwa mzigo huu simlaumu.

Nianze kwa kukiri upendeleo. Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi miaka 26 katika idara ya madai ya kampuni ya bima, Dar es Salaam. Nilikuwa nasoma fomu za walioungua, walioibiwa na waliofiwa, kisha naamua nani anasema kweli. Picha hii niliiona mara ya kwanza mwaka 1988, kwenye kanda ya kuazima, na deki nayo ya kuazima, nyumbani Magomeni. Mke wangu alisinzia kabla haijafika nusu. Mimi ilipokwisha nikairudisha nyuma nikaanza upya. Katika picha zote nilizokuwa nimeona hadi usiku ule, anayemnasa muuaji ni polisi au mpelelezi mwenye koti refu. Humu polisi hawana kazi. Anayenusa maiti ni ofisa madai, mzee mfupi mwenye kizibao na sigara kubwa isiyokuwa na moto, na silaha yake ni vitabu vya takwimu. Mtu wa idara yangu! Hujui raha ya kuona kazi yako, ambayo hata watoto wako hawaielewi, imefanywa picha.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: tuko Los Angeles, mwaka 1938. Walter Neff, anayeigizwa na Fred MacMurray, ni wakala wa bima. Anapita nyumba ya tajiri mmoja kumkumbusha kuwa bima ya magari yake imekwisha. Mwenye nyumba hayupo. Yupo mkewe Phyllis, yaani Barbara Stanwyck, anashuka ngazi na kikuku mguuni. Maneno mawili matatu, mama anauliza: hivi inawezekana kumkatia mume bima ya ajali bila mwenyewe kujua? Mwanangu, wakala yeyote aliyekaa kazini mwezi mmoja anajua swali hilo linaelekea wapi. Neff naye anajua, na anamwambia wazi, kisha anaondoka. Usiku mama anamfuata kwake. Hapo ndipo anapokwisha.

Mume anasainishwa akidhani ni nakala ya pili ya fomu ya gari. Na Neff, kwa tamaa ya mtu aliyekaa miaka anaangalia wengine wakijaribu kuiibia kampuni, anataka mume afie kwenye treni. Kwa nini treni? Kwa sababu bima za ajali za Marekani zilikuwa na kifungu cha ajali zile za nadra, ambazo kampuni inalipa mara mbili. Ndiyo maana ya jina la picha: fidia maradufu. Dola 50,000 zinageuka 100,000.

Sasa tuje kwenye swali lako. Umezoea picha za kutafuta nani kaua, na ikishajulikana unachukua khanga yako unakwenda kulala. Humu jibu wamelitoa mapema makusudi, ili wapate nafasi ya kukuchunguza wewe.

Chukua pale baada ya kuutupa mwili relini. Usiku, wamerudi kwenye gari, kila kitu kimekwenda kama walivyopanga. Phyllis anazungusha ufunguo. Stata inalia, gari haliwaki. Anajaribu tena. Stata inazidi kuchoka, unajua ule mlio wa betri inayokata roho. Hawasemi kitu. Wanatazamana. Neff anapeleka mkono taratibu mno, anazungusha yeye, na gari linashika.

Muulize mumeo wewe ulifanya nini wakati ule. Mimi nilikuwa nimesogea ukingoni mwa kochi na kidole changu kinazungusha ufunguo hewani. Maiti iko pale kwenye reli, ya mtu ambaye hakunikosea lolote, na mimi, ofisa madai, namwomba Mungu gari la wauaji liwake! Lilipowaka nikashusha pumzi, halafu nikajitazama. Ngumi na magari kukimbizana havijawahi kunifanyia hivyo. Picha ya kukimbizana unaitazama ukiwa upande wa haki, umekaa raha mustarehe. Hii inakuhamisha upande bila kukuuliza.

Tena kipande hicho hakikuwa kwenye hadithi. Inasimuliwa kuwa Billy Wilder, mwelekezi, alikuwa amekwisha kupiga wauaji wanaingia garini na kuondoka, basi. Akatoka kwenda zake, gari lake mwenyewe likagoma kuwaka. Akarudi mbio kuwaambia vijana wasibomoe kitu, tunapiga upya. Huyo alikuwa Myahudi aliyezaliwa mwaka 1906 katika himaya ya Austria, akakimbia Berlin Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933. Sishangai kwamba mtu wa namna hiyo anajua kitu kidogo kama stata kinavyoweza kubeba roho yako yote.

Na damu unayoitafuta haimo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Studio za Marekani enzi hizo zilikuwa na ofisi yao ya kuchuja maadili, na mwaka 1935 ofisi hiyo iliikataa hadithi hii. Ikabidi isubiri mpaka 1944 kutoka. Ya pili ni akili ya Wilder. Neff amejificha kiti cha nyuma, mume amekaa mbele, mke anaendesha na anapiga honi mara tatu, ndiyo ishara yao. Kamera inamwacha mume, inabaki kwenye uso wa Phyllis. Tunasikia purukushani pembeni yake, naye anatazama barabara. Anatazama tu. Nimeona panga na mapanga katika vibanda umiza vya Manzese, sijaona kitu cha kutisha kama ule uso.

Hadithi yenyewe ina mzizi wa kweli. Mwaka 1927 huko New York, Ruth Snyder na hawara yake Judd Gray walimuua mume wa Ruth, Albert, naye alikuwa amekatiwa bima kubwa yenye kifungu cha kulipa maradufu. Wote wawili walipelekwa kwenye kiti cha umeme, gereza la Sing Sing, Januari 1928. James M. Cain, mwandishi wa habari wa New York enzi hizo, ndiye aliyeifinyanga hadithi baadaye, akaihamishia California, akamweka wakala wa bima mahali pa hawara. Hapo ndipo alipopiga penyewe. Hawara wa kawaida anajua kupenda. Wakala anajua na kampuni inavyofikiri.

Lakini kampuni ina Keyes. Huyu ndiye mzee niliyekutajia, Edward G. Robinson, na kwangu picha ni yake. Anadai ana kijitu kinaishi ndani yake, kinachomnyima hamu ya chakula kila dai la uongo linapoingia ofisini. Mwanzoni tu analetewa dereva aliyechoma lori lake mwenyewe. Anambana maswali mawili, jamaa anasaini kuachia dai, halafu Keyes anamwelekeza jinsi ya kufungua mlango atoke, kama mtu ambaye hajawahi kuona mlango.

Nilicheka peke yangu usiku ule, kwa sababu nilikuwa na bosi wa hivyo hivyo. Mama mmoja mkali, Mungu amrehemu. Kuna siku tuliletewa dai la duka lililoteketea. Jalada safi, orodha ya mali imepigwa taipu, risiti za manunuzi ya miaka miwili, kutoka kwa muuzaji mmoja. Mimi kijana nikaandika "inafaa kulipwa". Yule mama akazishika zile risiti, akazipanga mezani kama karata, akaniita. "Soma namba." Tarehe zilikuwa za miaka miwili, lakini namba za risiti zilifuatana moja baada ya nyingine, 41, 42, 43, utadhani muuzaji yule hakuwahi kuwa na mteja mwingine duniani. Akanirudishia jalada bila kusema zaidi. Sikula mchana.

Sasa tazama Keyes anavyofika. Mume aliuawa garini, na aliyepanda treni ni Neff akijifanya ndiye yeye; lakini kwa macho ya watu, marehemu alipanda treni amevunjika mguu, ana magongo na plasta ngumu. Kila mtu anatazama treni, reli, abiria aliyezungumza naye. Keyes anatazama mguu. Mtu ana bima ya ajali, amevunjika mguu, mbona hakuleta dai? Hakuna binadamu mwenye bima ya ajali anayevunjika mguu akanyamaza! Labda kama hakujua kuwa ana bima. Pale niliruka kwenye kiti mpaka mke wangu akaamka. Hakuna alama ya kidole wala bastola. Ni fomu ambayo haikuletwa.

Halafu kinachouma ni kwamba mtu anayemtafuta amekaa meza ya pili, ndiye kijana anayempenda kuliko wote ofisini. Jua linaingia kupitia mapazia ya vibao, linamchora Neff mistari mwili mzima kama mtu aliye nyuma ya nondo. Mpiga picha, John F. Seitz, alimfunga mapema kabla ya Keyes.

Mwalimu, itazame mara moja tu tena, ila safari hii mwache Phyllis, mfuate Keyes. Ukisinzia, niandikie, nitamwambia mumeo akome kukusumbua.

SWALI: Salaam Mzee Picha. Mimi ni fundi seremala, Likoni, Mombasa. Katika picha hiyo hiyo ya bima kuna pahali Phyllis anajificha nyuma ya mlango wa Neff, naye yuko nje kwenye ukumbi. Maana yake mlango umefunguka kwa nje. Mimi nimefunga milango miaka kumi na tano, mlango wa nyumba hufunguka kwa ndani. Ama Wamarekani wao ni tofauti?

JIBU: Fundi, umewashika. Wamarekani ni kama sisi, mlango wa nyumba ya kupanga unafunguka kwa ndani. Huu waliufungua nje kwa sababu bila hivyo Phyllis hana pa kujificha, na Keyes, aliyekuja ghafla kumweleza Neff kuwa anamshuku mama huyo, angekutana naye uso kwa uso. Walibadilisha bawaba wakapata dakika moja tamu kuliko zote za picha nzima: Keyes anaondoka, Phyllis amebana nyuma ya mlango, anauvuta kidogo tu ili Neff ajue yupo. Halafu Keyes anageuka. Kiberiti hana, anataka moto wa sigara yake.

Mimi mara tatu za kwanza sikuona kosa hilo. Ungekuwa wewe ndiye unayemwekea Wilder milango, ungekataa?

SWALI: Mzee Picha, mwisho wa ile Double Indemnity sikuuelewa. Neff amelala mlangoni mwa ofisi, amejeruhiwa, halafu picha inakatika. Alikufa pale au walimnyonga? Mimi na kaka yangu tumewekeana soda. Msomaji, Kigoma.

JIBU: Soda igawaneni. California enzi hizo waliua kwa chumba cha gesi, na Wilder alikipiga kipande hicho kizima, kwa gharama kubwa: chumba, walinzi, kioo, Neff ndani na Keyes nje anashuhudia. Akakitazama, akakikata. Hakimo kwenye picha mliyoiona.

Alikikata kwa sababu tayari alikuwa na pale mlangoni. Angalieni viberiti tangu mwanzo. Keyes hatembei na kiberiti, anasema vinamlipukia mfukoni. Kila akitaka kuvuta anajipapasa, na kila mara Neff anatoa njiti, anaiwasha kwa ukucha wa kidole gumba, anampa moto. Imekuwa mazoea yao, hawaambizani hata asante. Sasa Neff yuko chini, damu imemwishia, anamwambia mzee kuwa hukumwona muuaji kwa sababu alikuwa karibu mno, upande wa pili wa meza yako. Keyes anamjibu kuwa alikuwa karibu zaidi ya hapo. Neff anatia sigara mdomoni, anahangaika na njiti, mkono hauna nguvu. Keyes anapiga goti, anaichukua ile njiti mkononi mwake, anaiwasha kwa ukucha.