Saratani ya titi imesambaa, na miaka 40 bado hujafika: maswali yenu

Maswali haya yametoka kwa wanawake vijana ambao saratani ya titi imeshahamia mifupani, kwenye ini au mapafuni. Tumeyafupisha.

Nina miaka 31. Nameza letrozole na kuchomwa sindano ya tumboni kila mwezi. Safari hii sina nauli. Nikichelewa wiki mbili kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Sindano hiyo, goserelin ya mg 3.6, ni kipande cha dawa mfano wa punje ya mchele kinachoachwa chini ya ngozi ya tumbo, chini ya kitovu. Hutoa dawa kidogo kidogo kwa siku 28, na kazi yake ni kuzima ovari. Letrozole inazuia mwili kutengeneza estrojeni, homoni ya kike inayolisha uvimbe wako, lakini kwa msichana ovari zilizo hai huishinda nguvu: ubongo ukiona estrojeni imeshuka, unazichochea ovari zifanye kazi zaidi. Hapo unameza kidonge kila siku na uvimbe unaendelea kulishwa.

Hesabu wiki nne, usihesabu tarehe. Ukichomwa Jumanne, zamu zote zitaangukia Jumanne. Mpigie muuguzi wa kliniki kabla siku haijapita, umuulize kama hospitali iliyo karibu nawe inaweza kukuchoma. Dawa yenyewe haitakiwi kuzidi nyuzi joto 25, kwa hiyo usiisafirishe juu ya dashibodi ya basi. Damu ya hedhi ikirudi, hata matone, sema siku hiyohiyo. Na kama nauli itakuwa tatizo la kila mwezi, zungumza na daktari kuhusu kutolewa ovari: ni upasuaji wa mara moja na sindano zinaisha. Kwa aliyekwisha kupata watoto aliowataka, sisi tunaona hilo halisemwi mapema inavyostahili.

Hedhi imekata tangu kemo, zile dawa kali za kuua saratani. Mume wangu anasema kinga ya nini tena?

Hedhi kukata si kufunga kizazi. Yai linaweza kupevuka kabla damu haijarudi, na tamoxifen pamoja na dawa nyingi za saratani humdhuru mtoto tumboni. Vidonge vya uzazi wa mpango, sindano za miezi mitatu na vijiti vya mkononi vyote ni homoni, viache. Tumia kitanzi cha shaba au kondomu. Uke ukiwa mkavu, paka jeli ya maji ya dukani. Mafuta ya nazi na ya mgando huozesha mpira wa kondomu.

Titi limepasuka, linatoa harufu hadi nakwepa wageni. Kwa nini hawalikati tu?

Kwa sababu kulikata hakurefushi maisha pale saratani ilipokwisha kusambaa. Hospitali ya Tata ya Mumbai ilichapisha mwaka 2015 utafiti wa wanawake 350 wa hali hiyo: waliokatwa na wasiokatwa waliishi muda ule ule. Dawa inayozunguka mwili mzima ndiyo inayokushughulikia. Upasuaji au mionzi huja pale kidonda kinapovuja damu au kukutesa, na hilo unayo haki ya kuliulizia.

Harufu ina tiba nyumbani. Inatoka kwa bakteria wanaokula nyama iliyokufa, hivyo manukato hayasaidii. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisawazishwe, acha yapoe. Lowesha bandeji ya zamani kwa maji hayo mpaka iachie yenyewe. Ukiivuta kavu utatoa damu. Osha kwa kumwagia, usisugue. Saga tembe za metronidazole, dawa ya kuua bakteria, ziwe unga laini, nyunyiza juu ya kidonda, kisha weka shashi iliyopakwa mafuta ya mgando ili isigande. Rudia kila siku. Damu ikichuruzika, gandamiza kwa kitambaa safi dakika 15 bila kuchungulia. Isipokoma, nenda hospitali.

Shangazi ananiletea unga wa mstafeli na mlonge. Nitumie?

Mlonge kwenye mboga hauna neno. Unga na juisi zilizokolezwa ni jambo jingine, kwa kuwa nyingine hubadilisha namna ini linavyosaga dawa. Balungi linajulikana: hupandisha mwilini kiwango cha palbociclib, dawa ya saratani ya titi. Chukua kopo lenyewe uende nalo kliniki, usiishie kusema "dawa za asili". Wala usimgombeze shangazi.

Ni lini nisisubiri siku ya kliniki?

Ukiwa kwenye kemo na kipimajoto kikasoma 38, nenda saa hiyohiyo, hata usiku. Usimeze panadol kwanza, itaficha homa wakati chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, zimeisha. Na kama mgongo unauma upya huku miguu inalegea, inakufa ganzi, au mkojo hautoki, uvimbe huenda unabana uti wa mgongo. Hapo masaa ndiyo yanayoamua kama utatembea tena.

Nimeandikiwa mofini ya maji. Mama amelia, anasema ndio mwisho.

Mwambie mama mofini inafuata maumivu, haifuati siku zilizobaki. Wapo wanaoitumia wakienda kazini. Hunywewa kwa saa, usingoje uumie: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku, ambapo wengi huandikiwa dozi maradufu ili walale hadi asubuhi. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano; vijiko vya nyumbani havilingani. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo usiondoke dirisha la dawa bila kupewa dawa ya kulainisha choo, uianze siku hiyohiyo.