Barua kwa mwanangu: wasifu wa bibi yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ukoo umekukabidhi kuandika upya wasifu wa bibi usomwe siku ya arobaini, kwa kuwa ule wa mazishini uliandikwa usiku mmoja na ukawa na makosa. Unauliza uanzie wapi, na mwaka upi wa kuzaliwa uandike, maana kitambulisho kinasema 1 Julai 1945 na mama mkubwa anakataa katakata.

Mama mkubwa yuko sahihi. Wazee wengi wa vijijini waliandikishwa bila cheti chochote. Karani alikadiria mwaka, kisha akajaza tarehe nyepesi, mara nyingi 1 Januari au 1 Julai. Ukiikuta tarehe ya namna hiyo, ichukue kuwa ni makadirio. Wewe tafuta tukio ambalo mwaka wake unajulikana, halafu uliza bibi alikuwa akifanya kazi gani wakati huo, kwa sababu kazi ya mtoto hutaja umri wake. Waingereza walianza mradi wao wa karanga Kongwa mwaka 1947, wakaufunga 1951. Bibi alikuwa akisema matrekta yalipokuja kung'oa vichaka, yeye alikuwa na mdogo wake mgongoni. Mtoto wa kike hupewa kubeba mdogo akiwa na miaka kama 7 hadi 9. Chini ya hapo uzito unamshinda, juu ya hapo keshapelekwa kuteka maji na kulima. Kwa mwaka wa kitambulisho angekuwa na miaka 2, yaani mwenyewe bado wa kubebwa. Basi amezaliwa kati ya 1938 na 1940.

Nenda kanisani uombe daftari la ubatizo la miaka matrekta yalipokuja. Usitafute jina la bibi, kwa kuwa yeye alibatizwa ukubwani; tafuta la huyo mdogo wake aliyebatizwa mchanga. Ukilipata, umepata msumari wa kutundikia mengine yote. Kwenye wasifu andika "alizaliwa karibu mwaka 1939", bila siku wala mwezi. Lakini makaratasi ya serikali na ya mirathi yaache yafuate kitambulisho kama kilivyo, maana tarehe zikipishana mtazungushwa benki na mahakamani.

Jambo moja la miaka lililokosewa mazishini ni kuhama. Waliandika kwamba familia ilihamia kijijini 1974. Mikoa mingi watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa kati ya 1973 na 1976, ila huku kwetu kulitangulia Operesheni Dodoma, mwaka 1971. Rekebisha hapo, kisha uliza ni watoto gani walizaliwa kwenye tembe la zamani, ile nyumba ya udongo ya paa bapa, na ni yupi wa kwanza kuzaliwa kijijini. Miaka yao itajipanga yenyewe.

Sasa watoto, na hapa nakuomba uende polepole. Wasifu wa kwanza ulisema bibi alijaliwa watoto 6. Alizaa 8. Wawili walikufa kabla ya kutembea, na aliwataja kwa majina mpaka mwisho wake, kwa hiyo nao waandikwe kwa majina, kila mmoja mahali pake kwenye mpangilio wa kuzaliwa. Habari hiyo usiwaulize wajomba zako. Waulize wanawake waliokuwepo wakati wa kujifungua. Wao wanajua nani alimfuata nani na njaa ipi ilikuwepo. Wale watatu wa marehemu mdogo wake aliowalea tangu wakiwa wachanga, waweke kwenye orodha ileile. Ukiwatenga kwa mstari wa "na pia alilea", utawaumiza mbele ya watu, na bibi hakuwahi kuwatenga hata kwenye sahani.

Wajukuu usiwahesabu kwa kukumbuka. Chukua daftari, kila mtoto wa bibi mpe ukurasa wake, uandike wanawe kwa majina, na chini ya kila jina uandike vitukuu. Makosa huja kwa njia mbili. Mjukuu aliyelelewa kwa shangazi huhesabiwa mara mbili, na aliyezaliwa nje ya ndoa hasemwi kabisa. Wa kwanza akikosewa ni hesabu tu imeharibika. Wa pili akikosewa atakaa kwenye turubai siku nzima akijua hayumo. Mpigie simu kila mzazi umsomee ukurasa wake, tahajia ya majina ikiwemo. Kama kuna vilembwe, viwe na mstari wao, visichanganywe na vitukuu.

Baada ya hapo ndipo uandike jinsi alivyoishi. Nakusihi uyaache yale maneno ya kila msiba: alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu. Chagua kazi moja ya mikono yake uieleze kama ilivyokuwa, na waliomjua watamwona. Mimi ningechagua mlenda. Aliuchuma wakati wa mvua, majani machanga tu, akauanika kwenye paa la tembe mpaka ukavunjika kwa vidole, akautwanga na kuuchekecha, akauweka kwa ajili ya kiangazi. Wakati wa kupika, maji kama nusu lita yalichemka kwanza na chumvi na chembe ya magadi, kiasi kinachoshikwa na ncha za vidole viwili, kwa sababu yakizidi mboga huwa chungu. Kisha karanga zilizotwangwa, karibu nusu kikombe, zikachemka mpaka harufu ya ubichi ikaisha. Unga wa mlenda, vijiko vitatu vya chakula, aliunyunyiza mwishoni huku akipekecha. Ukiumwaga wote kwa mara moja hufanya madonge. Chungu hakufunika, maana povu hupanda na kumwagika motoni. Aliupakua kwenye bakuli moja kubwa, akamega ugali wa uwele kwanza kwa mtoto mdogo kuliko wote, halafu kwenda juu. Yeye alikula mwisho. Andika hivyo hivyo, wala usiongeze neno "mkarimu".

Ukienda kuwahoji wazee, nenda baada ya chakula cha mchana. Simu iweke kwenye hali ya ndege isikatishwe na mtu anayepiga, uilaze juu ya kanga iliyokunjwa, hatua moja kutoka kinywani mwake, mbali na upepo. Zungumza na kila mmoja peke yake kwanza. Ukianza nao pamoja, akishasema mkubwa wengine watanyamaza kwa heshima, na utabaki na kumbukumbu ya mtu mmoja. Uliza swali moja, kisha kaa kimya hata kimya kikiwa kirefu. Mengi mazuri huja baada ya kimya hicho. Picha za zamani nenda nazo, uandike majina nyuma kwa penseli laini, kuanzia kushoto. Kalamu ya wino huchora hadi upande wa sura.

Ugonjwa wake upe sentensi mbili: aliugua lini, nani alimuuguza. Jina la ugonjwa litajwe tu kama wanawe wote wamekubali.

Wasifu usizidi maneno 600. Kwa sauti ya msibani, yenye kituo baada ya kila jina, hayo ni dakika 6 au 7. Ukizidi hapo mshereheshaji atakukatisha, na kinachokatwa huwa ni mwisho, ambako watu huweka wajukuu. Kwa hiyo majina ya familia yatangulie, mlenda ufuate. Chapa kwa maandishi yanayosomeka, ukubwa wa 14, nafasi pana kati ya mistari, upande mmoja wa karatasi. Toa nakala tatu: ya msomaji, ya mchungaji, na moja akae nayo binamu yako mstari wa mbele, ili sauti ikikukwama ainuke aendelee pale ulipoachia.

Kabla ya kuchapa, mpelekee mama mkubwa umsomee yote kwa sauti. Macho yake hayaoni herufi tena, ila jina likikosekana atalisikia.

Mama yako