Tuulize: Tovuti na Soko la Mtandaoni kwa Biashara Ndogo

Barua za mwezi huu zimetoka kwa mafundi, wenye gesti, wauza spea na waoka keki. Malalamiko yanafanana: pesa imeshatoka, mteja haonekani. Tumechagua sita.

Aliyenitengenezea tovuti hapatikani

*Wataalamu, habari za kazi. Nina karakana ya samani Morogoro. Miaka mitatu iliyopita nilimlipa kijana akanitengenezea tovuti ya .com, na kila mwaka nimekuwa nikimtumia hela ya kulipia. Mwezi uliopita tovuti imezimika, barua pepe za ofisi hazifiki, na simu yake haipatikani. Nimfuatilie au nianze upya?*

Pole sana, ndugu yetu. Kijana mwache kwanza, shughulikia domeni, yaani lile jina lenyewe la tovuti. Tovuti ina sehemu tatu zinazolipiwa na kukaa mbalimbali: domeni, hostingi (seva inayotunza mafaili) na mafaili yenyewe. Hizo mbili za mwisho zikipotea unaweza kutengeneza nyingine. Jina likichukuliwa na mtu mwingine limekwenda, pamoja na mabango, risiti na kadi zote ulizochapisha.

Fungua lookup.icann.org, andika jina lako. Mmiliki mara nyingi hufichwa, lakini kampuni iliyosajili jina hilo na tarehe ya kuisha utaviona. Kwa majina ya .co.tz, ambayo yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), tumia whois ya .tz, yaani ukurasa wa kutafuta taarifa za usajili wa jina.

Jina la .com halipotei siku ileile muda unapoisha. Wasajili wengi hutoa siku za nyongeza ambazo unalipia kwa bei ya kawaida. Zinaweza kufika 45, ila wengine huzipunguza sana. Kisha huja siku 30 za kulikomboa, na hapo gharama hupanda mno. Mwisho ni siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo yeyote anaweza kulisajili. Wapo watu kazi yao ni kuvizia majina ambayo tayari yana wageni. Kwa kuwa lako limezimika tangu mwezi uliopita, andika kwa msajili leo hii. Ambatisha cheti chako cha BRELA, leseni ya biashara na kumbukumbu za malipo uliyomtumia kijana. Huenda wakakujibu kwamba hawawezi kubadili mmiliki bila idhini ya aliyeandikwa. Basi waulize swali la pili: je, mtu mwingine anaweza kulipia mwaka mmoja? Baadhi yao hukubali. Malipo hayo hayakupi umiliki, lakini yanazuia jina lisifutwe wakati unaendelea kufuatilia.

Maandishi ya tovuti usidhani yamepotea. Ingia web.archive.org, weka anwani ya tovuti yako, chagua tarehe ya nyuma. Mara nyingi utakuta kurasa kuu na baadhi ya picha, unakili.

Ukipata mtengenezaji mwingine, malipo ya mwisho yasitoke kabla hujawa na haya mkononi: domeni iliyosajiliwa kwa jina la biashara yako na barua pepe yako (tena ya Gmail au nyingine ya nje, kwa sababu barua pepe ya domeni hiyohiyo inakufa nayo), nywila ya akaunti ya hostingi, mtumiaji wako mwenyewe mwenye mamlaka yote ndani ya tovuti, na nakala akiba kamili. Kwenye nakala hiyo ndiko watu wengi wanakopigwa. Tovuti ya WordPress, programu inayotumika sana kujengea tovuti, ina mafaili na ina hifadhidata. Mafaili yanabeba picha na mwonekano. Bei, maelezo na kurasa zote ziko kwenye hifadhidata. Ukikabidhiwa mafaili matupu umepewa ganda. Dai vyote viwili, uvihifadhi nje ya seva.

Nimehamisha hostingi, barua pepe zimekata

*Tovuti inafunguka vizuri kwenye kampuni mpya, ila tangu Ijumaa hatupokei barua hata moja. Arusha.*

Umebadilisha “nameserver” zote (seva zinazoelekeza jina la tovuti) bila kuhamisha rekodi za DNS, yaani maelekezo ya wapi tovuti ilipo na barua pepe ziende wapi. Rekodi inayoelekeza barua pepe inaitwa MX, na ilibaki kule kwa zamani. Ingia kwenye DNS ya kampuni mpya, andika MX kama ilivyokuwa, pamoja na rekodi za TXT za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua zimetoka kwako. Bila hizo mbili, barua unazotuma zitaanza kuangukia kwenye taka. Mtu mwingine anayejiandaa kuhama apige picha ya rekodi zote za zamani kwanza, na siku moja kabla ashushe TTL (muda ambao rekodi hukumbukwa kabla ya kusomwa upya) hadi sekunde 300. Mabadiliko ya nameserver yenyewe yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea, kwa hiyo usifute akaunti ya zamani wiki hiyo.

Tovuti ya gesti ni nzuri lakini wageni hawabuki

*Shikamooni. Nina nyumba ya wageni Pangani. Tovuti yetu ina picha nzuri sana za bahari na vyumba. Kwenye kompyuta ya ofisini inapendeza. Wageni wanasema haifunguki.*

Marahaba, mama. Jaribu hivi: zima Wi-Fi, chukua simu ya bei ya kawaida yenye bando, ifungue tovuti ukiwa kituo cha basi. Huo ndio mtandao wa mgeni wako.

Tatizo karibu kila mara ni picha. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha yenye upana wa pikseli 4,000 na uzito wa MB 3 hadi 5. Ukiweka kumi jinsi zilivyo, ukurasa mmoja unakula MB 30 au zaidi za bando la mgeni, wakati skrini ya simu yake ina upana wa pikseli 1,080 hivi. Punguza kila picha iwe na upana wa 1,200, ihifadhi kwa WebP au JPEG yenye ubora wa 75 hadi 80, na hakikisha haizidi KB 200. Programu ya Squoosh inafanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari, na inakuonyesha picha ya kabla na ya baada zikiwa kando kwa kando. Tazama kingo za mitende na nyuzi za chandarua, hapo ndipo ubora ukishuka mno hujionyesha mapema. Picha kumi sasa hazizidi MB 2.

Zile picha zinazojizungusha zenyewe juu ya ukurasa, ziondoe. Weka moja tu, iliyo bora kuliko zote. Za chini mtengenezaji aziwekee mpangilio wa kupakiwa mgeni anapozifikia, lakini ile ya juu asiiwekee, maana itachelewa zaidi. Kila picha itajwe upana na urefu wake, la sivyo ukurasa utarukaruka na mgeni atabonyeza kitu ambacho hakukusudia.

Kisha pima kwa PageSpeed Insights ya Google, upande wa simu. Tazama kipimo cha LCP, yaani muda unaopita hadi kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane. Google inataka kisizidi sekunde 2.5. Alama ya jumla isikunyime usingizi. Sekunde hizo ndizo muhimu.

Na bei, mama, tumeitafuta kwenye tovuti yako hatukuiona. Andika bei ya chumba kwa usiku, kama chai ya asubuhi imo, namna ya kufika kutoka Tanga mjini, na kitufe cha WhatsApp kinachobaki chini ya skrini. Mgeni asiyejua bei hapigi simu kuuliza. Anakwenda kwenye gesti iliyoiandika.

Duka langu halipo Google

*Nauza spea za pikipiki Kahama. Nikitafuta “spea za pikipiki Kahama” naona wenzangu tu. Tovuti ninayo.*

Kuna mambo mawili hapa, na wengi huyachanganya. Ramani na tovuti ni orodha tofauti.

Kwa ramani unahitaji Wasifu wa Biashara wa Google, ambao ni bure. Jina liandike kama lilivyo kwenye bango la duka. Ukijaza “Duka la Spea Bora Bei Nafuu Kahama” wakati bango linasema jina lingine, umevunja kanuni na wasifu unaweza kusimamishwa. Aina kuu ya biashara ndiyo yenye uzito, kwa hiyo chagua inayotaja spea za pikipiki, usichague “duka” kwa ujumla. Pini iburute mwenyewe mpaka mlangoni, na kama jengo lina kibao cha anwani ya makazi, tumia mtaa na namba ya pale.

Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni wa video. Rekodi mara moja bila kukata: anzia barabarani ili mtaa na majirani waonekane, sogea kwenye bango, fungua mlango kwa ufunguo wako, onyesha rafu za spea, malizia nyuma ya kaunta. Watu hukataliwa kwa sababu wameanzia ndani, au bango halisomeki. Jioni usijaribu.

Google yenyewe inasema inapanga matokeo ya ramani kwa kufanana na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali huwezi kuubadilisha. Umaarufu unajengwa na maoni ya wateja, kwa hiyo chapisha msimbo wa QR wa kuandika maoni, ubandike kaunta. Usitoe punguzo wala zawadi kwa anayeandika; hairuhusiwi.

Kwa tovuti, andika kwenye Google neno site: likifuatiwa na jina la tovuti bila nafasi. Isipotokea kurasa yoyote, ingia mipangilio ya WordPress, sehemu ya usomaji, uone kama kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji kina alama ya vema. Watengenezaji hukiweka wakati wa ujenzi wakasahau kukiondoa. Kiondoe, kisha isajili tovuti kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, na uwasilishe “sitemap”, yaani orodha ya kurasa zako zote. Subiri siku kadhaa, hata wiki.

Nimebusti, nimepata “likes” tu

*Naoka keki Tegeta. Nimelipia tangazo Instagram elfu arobaini. Likes mia sita, oda hakuna.*

Dada, Instagram ilikupa ulichoomba. Lengo ulilochagua linaamua nani aonyeshwe tangazo: ukichagua mwitikio, wanatafutwa watu wenye mazoea ya kupenda picha. Chagua lengo la ujumbe wa WhatsApp, na kama unaweza, tengeneza kupitia Ads Manager (ukurasa wa Meta, wenye Instagram, wa kusimamia matangazo) badala ya kitufe cha kubusti, kwa kuwa kule una udhibiti zaidi wa lengo na eneo. Weka mduara kuanzia Tegeta hadi pale bodaboda wako anapofika bila krimu kuharibika. Tangazo la Tanzania nzima kwa keki ya Tegeta ni kuwalipia watu wa Songea waangalie picha.

Kwenye picha yenyewe andika: kilo moja, bei, oda siku mbili kabla. Maneno “bei inbox” yanachosha wateja na yanakuletea maswali ya watu wasio na bajeti hiyo.

Kisha piga hesabu kwa daftari. Tuseme umeweka 5,000 kwa siku, siku saba, jumla 35,000. Wameandika watu 28, kwa hiyo kila ujumbe umegharimu 1,250. Wamenunua wanne: kila mteja amekugharimu 8,750. Kama faida ya keki moja ni 15,000, endelea. Kama ni 7,000, tangazo linakula mtaji, hata kama simu inaita kutwa. Usibadilishe kitu kila siku. Acha siku zote saba ziishe, halafu badilisha jambo moja tu, picha au eneo. Na ujumbe ujibiwe ndani ya dakika chache. Mtu aliyebonyeza tangazo lako amebonyeza na la mwenzako.

Kiungo cha WhatsApp kinasema namba haipo

*Nimeweka wa.me na namba yangu kwenye Instagram, haifanyi kazi.*

Umeanza na sifuri. Inatakiwa 255 kisha namba bila sifuri, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi wala vistari: wa.me/255 na tarakimu tisa zinazofuata. Ukitaka ujumbe uanze wenyewe, ongeza ?text=Naomba%20bei, ambapo %20 ni nafasi kati ya maneno. Kiungo kiweke kwenye wasifu. Ukikiandika chini ya picha hakibonyezeki.